Namlipia Zakaria

Jumanne nilinyimwa chai kwa sababu ya mtu anayeitwa Zakaria. Si jirani yangu, si mdeni wangu, wala sijawahi kukaa naye kilabuni. Zakaria ni mtu wa karatasi. Makazi yake ni ndani ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, wakati mimi hata mimba yangu haijatungwa. Yeye kalewa huko kwao Ukerewe, kampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, halafu mimi huku Kiabakari, ambaye sijampiga mtu, nawekewa kikombe cha maji ya moto matupu.

Nikauliza kuna nini. Mama watoto akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani na hana mpango wa kumnunua.

"Wanaume!" akasema.

Huo wingi ndio ulioniumiza. Angesema "mwanamume" ningejitetea. Lakini mtu atawatetea vipi wanaume wote, asubuhi, bila chai?

Mambo haya yaliletwa na hija. Kiabakari, kwa asiyeijua, ni kituo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Wageni wengi hushuka hapa, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapanda pikipiki kwenda Butiama kuliona kaburi la Mwalimu. Lakini nasi tuna chetu: kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, na Jumapili inayofuata Pasaka watu humiminika kutoka kila upande wa ziwa. Safari hii mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu. Alivuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, akapanda gari mpaka Bunda, akabadilisha, akashuka hapa stendi na rozari, mkeka na ndoo ya samaki wakavu. Alisema siku nne. Mvua za masika zikamsikia. Hii ni wiki ya tatu.

Sina neno. Mkwe ni mkwe. Ila wazee wetu waliokataza mama mkwe kulala kwa mkwewe walikuwa na akili kuliko tulivyowadhania. Hata leo, pamoja na mambo kulegea, mimi na yeye hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na tukiwa na neno tunampitishia kitinda mimba wetu wa darasa la pili, hata kama tumeachana hatua tatu.

"Mwambie baba yako mkaa umekwisha."

"Mwambie bibi nimesikia."

Mtoto hageuzi hata shingo. Anajua tumeshasikiana, anaendelea kutafuna muwa wake.

Basi jioni moja, mvua inanyesha na umeme umekwenda zake, binti yetu wa kidato cha tatu akaambiwa amsomee bibi kitabu. Kikachaguliwa Rosa Mistika kwa kuwa kisa kinaanzia Namagondo, na Namagondo ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe mwaka 1944, na bibi ni wa hukohuko kisiwani. Mama mkwe akajiweka sawa kwenye mkeka kama aliyeitwa kusikiliza kesi ya ukoo. Nami nikafurahi, nikijua nimepata jioni za utulivu. Nusu saa haikupita, nikasikia watu watatu wanavuta kamasi kwa zamu.

Kwa mama mkwe ile si riwaya hata kidogo. Anaongeza mambo ambayo mwandishi aliyasahau: nani alikuwa na ng'ombe wengi miaka ile, nani alikuwa anapika ile pombe, nani alitakiwa kuingilia kati akanyamaza. "Huyo Zakaria," anasema, "watu wa aina yake ukoo wao naujua." Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, baadaye kikarudi na kufundishwa. Zamani nilidhani kilikatazwa kwa sababu ya mambo ya wasichana na wavulana. Sasa naamini kuna waziri aliyekuwa na mke nyumbani, na mke huyo alikuwa amefika sura ya pili.

Wapo watu wanaosoma riwaya wakairudisha rafuni. Kwangu mimi riwaya haina rafu. Inaletwa mkekani, inagawiwa kama ugali wa udaga, na tonge kubwa linanifikia mimi nisiyesoma. Msomaji akizidiwa na woga hufunga kitabu akalala. Anayeishi na wasomaji hana kitabu cha kufunga.

Na Zakaria alikuwa wa kwanza tu. Binti ana vitabu vyake vya mtihani, kikiwemo Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Humo mna baba mlevi aitwaye Lomolomo, na watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Alikimaliza Ijumaa. Jumamosi asubuhi akanijia dukani, pale ninapouzia vipuri vya pikipiki, akasimama mbele ya wateja watatu.

"Baba, unajua Peter na Zita waliishiaje jalalani?"

Sikujua.

"Walikosa ada."

Nikamkumbusha kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne serikali ilikwisha kuifuta tangu mwaka 2016. Akanikumbusha kwamba mchango wa chakula na wa mitihani ya majaribio haujafutwa na mtu. Wateja wakanigeukia. Mmoja akarudisha cheni aliyokuwa anaipatana, kama vile haifai kununua kitu kwa mtu wa namna hii. Nikafungua droo. Mchango ule nilipanga kuulipa kidogokidogo hadi Septemba. Lomolomo alinifanya niumalize kwa dakika moja.

Tukaingia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, yenye Bwana Maksuudi anayewafungia ndani wanawake wa nyumba yake. Sasa mimi hufunga geti saa moja na nusu jioni kwa sababu ya fisi. Nasema fisi wenye miguu minne, wanaoteremka kutoka kwenye majabali, ambao wamenilia mbuzi wawili. Lakini tangu kitabu hicho kisomwe, nikishika tu kufuli nasikia kutoka jikoni: "Maksuudi huyo!" Fisi hawatajwi kabisa.

Nikalalamika kwa binti kwamba mimi sifanani na hao mabwana. Akanijibu kwa upole, kwa sauti ya mwalimu wake wa Kiswahili: "Kweli, baba. Hufanani nao. Wewe ni mhusika bapa." Nikauliza mhusika bapa ni yupi. "Ni yule ambaye ukimjua sura ya kwanza, umemjua mpaka mwisho." Na huyu nimemsomesha mwenyewe. Mchango wa chakula nimeulipa mwenyewe.

Kuna usiku mmoja tu ambao sikunung'unika. Ulikuwa usiku wa Takadini, kitabu cha Ben Hanson, kisa cha Zimbabwe: mama aitwaye Sekai anatoroka na kichanga chake kwa kuwa kimezaliwa na ualbino na mila inataka kiuawe. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji nauli ya Zimbabwe kukielewa hicho. Tuliishi miaka ile ya 2007 na 2008, wenzetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya waganga. Binti alisoma, hakuna aliyelia, hakuna aliyesema "wanaume". Mama mkwe akamwambia mtoto aniambie niangalie kama mlango umefungwa. Niliuangalia mara mbili, bila kuambiwa Maksuudi.

Lakini huzuni ina nafuu yake. Mtu akishalia hupata usingizi. Hasara iko kwenye vitabu vya kutisha.

Hivyo huletwa na shemeji yangu. Anaendesha pikipiki, na akingoja abiria husoma, jambo ambalo si baya. Baya ni kwamba hununua vitabu vikuukuu kule Mwanza, vingine havina jalada, vingine havina mwisho, na akija kwetu jioni husimulia. Alianza na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965. Sijui alisimulia nini maana nilikuwa naoga, ila tangu siku hiyo simu ya namba ngeni ikilia usiku nyumbani kwangu haipokelewi. Wiki iliyopita ililia saa nne usiku. Ikalia tena. Ya tatu, mama watoto akaifunika kwa sufuria. Asubuhi nikakuta ujumbe: mteja niliyekuwa namdai shilingi elfu themanini za tairi na cheni amebadilisha namba, alitaka kunilipa usiku ule, na kwa kuwa sikupokea, pesa amezielekeza kwenye shida nyingine. Ameniombea usiku mwema.

Halafu akaja na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kitabu cha mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anaingia na kiko chake mdomoni kupeleleza. Shemeji ni msimuliaji hodari, lazima nikiri. Akailaza maiti pale mzimuni watu wanapokwenda kutambika. Akaeleza miti. Akaeleza kimya cha mahali penyewe. Hata mimi niliyejifanya nahesabu boliti nilikuwa nimeshika boliti moja muda mrefu. Mara simu yake ikalia, abiria wa Musoma, akavaa kofia yake ya pikipiki akaondoka. Akakaa Musoma siku tatu.

Siku tatu maiti iko palepale! Na Kiabakari tuna kila kinachohitajika: majabali yaliyopandiana kama wazee wanaonong'onezana, mashimo ya mgodi wa dhahabu wa zamani, bundi, na choo kilicho hatua arobaini kutoka mlango wa nyuma. Kila aliyetaka kutoka usiku alitaka asindikizwe, na msindikizaji ni mimi, kwa kuwa mhusika bapa haogopi. Nikaweka sheria: aliyeko ndani aimbe muda wote, ili nijue bado yupo. Binti aliimba vipande vya nyimbo za redioni, akatoka haraka. Mama watoto ni mwanakwaya. Alichagua nyimbo za beti sita, na kila ubeti akarudia kiitikio. Mimi niko nje na tochi, kandambili zimezama kwenye tope, nahesabu beti.

Mtihani ulikuwa mama mkwe. Kwetu mwanamume hamsindikizi mama mkwe wake chooni. Halikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyedhani litahitaji kuandikwa. Naye hawezi kuniomba. Usiku wa pili nikasikia mlango wa chumba chake unalia, halafu kimya, halafu sauti ikimwamsha mjukuu: "Mwambie baba yako akaangalie mbuzi."

Nikatoka. Nikasimama nimekipa choo mgongo, nikawaangalia mbuzi robo saa nzima. Nao wakaniangalia. Nyuma yangu mtu akawa anasali rozari kwa sauti ya kusikika, sheria yangu ikiwa imemfikia bila kutumwa. Jambo hili halijazungumzwa na halitazungumzwa. Usiku wa tatu mbuzi waliangaliwa mara tatu.

Asubuhi nikampigia shemeji: "Niambie nani aliyeua." Akasema anaendesha. Nikamwambia asimame. Akasimama pale Makutano, nikaweka simu sauti kubwa katikati ya mkeka, akatupa mwisho: mzimu haukumgusa mtu, muuaji ni binadamu kama sisi, na Bwana Msa kamnasa.

"Mmesikia?" nikasema. "Ni mtu tu!"

Nikatarajia shukrani. Mama mkwe akatafakari, akamgeukia mtoto. "Mwambie baba yako, heri ungekuwa mzimu. Mzimu haujui kufungua kufuli." Na jioni hiyo, saa kumi na mbili hata haijafika, nikaulizwa na watu wawili kwa nini Maksuudi hajafunga geti.

Nikapeleka malalamiko yangu kijiweni, kwenye benchi mbele ya bucha. Nikasema hawa waandishi hawamjui hata mtu mmoja aliyekula akashiba akalala? Mwalimu mmoja mstaafu akanicheka. Akasema hata Mwalimu Nyerere, aliyelala hapo Butiama mwendo wa pikipiki tu, alipoketi kumtafsiri Shakespeare alianza na Juliasi Kaizari, mwaka 1963, mtu anayechomwa visu na rafiki zake. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, mchezo ambao wenyewe Waingereza wanauhesabu kuwa wa kuchekesha, na ndani yake mna mtu anataka kukata ratili ya nyama kifuani mwa mwenzake kwa sababu ya deni. Muuza nyama akashusha panga.

"Pamoja na mfupa?"

Akaelezwa: nyama tupu, na hukumu ilisema isidondoke hata tone la damu.

"Aliyetoa hukumu hiyo," akasema, "aliwahi kuwa na bucha." Akarudi kwenye paja lake. Mimi nikawa nafikiria yule mteja wangu wa tairi na cheni.

Huyo mwalimu mstaafu ndiye aliyenishauri nitafute kitabu chenye amani. Akanitajia Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, naye Mkerewe, kisa cha mume na mke wanaopendana na kutafuta mtoto. Nikakipata kwa shida. Nikakileta nyumbani nikitembea kifua mbele: mume mwema, wa Ukerewe, kwa kurasa mamia! Siku mbili nikapata chai yenye maziwa. Siku ya tatu binti akasoma maelezo ya mwandishi kwa sauti. Kitereza alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akahangaika nacho miaka yote hiyo, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi. Mkeka mzima ukalowa. Nimetafuta kitabu cha furaha kanda nzima, nikapata chenye furaha ndani na msiba kwenye jalada. "Na mkewe alikuwa wapi wakati huo?" mama watoto akaniuliza mimi, kana kwamba ndiye niliyechelewesha nakala.

Wakarudi kwa Rosa. Jumapili jioni Rosa akafika mwisho wake. Alijiua. Wanisamehe wasiokisoma, lakini hata mimi sikuombwa ruhusa.

Ugali ulipoa. Binti alifunga kitabu akakikalia. Mtoto alikuwa amekwisha kulala, kwa hiyo hapakuwa na wa kupitishia maneno, na mama mkwe akawa na neno. Akaligeukia birika.

"Huyu mwandishi aitwe aulizwe."

Nikangoja kidogo, nami nikaliambia birika kwamba jambo hilo linawezekana. Huko Uingereza, mwandishi Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakachachamaa, wengine wakaacha kununua gazeti, na miaka kumi baadaye akamrudisha duniani akiwa mzima.

"Basi," mama mkwe akaliambia birika, "na huyu amrudishe Rosa."

Ikanibidi nilijulishe birika kwamba Kezilahabi mwenyewe alifariki Januari 2020.

Akapiga ishara ya msalaba. Hakusema kitu tena, na usiku huo hakuna mbuzi aliyeangaliwa.

Asubuhi mtoto akaja kunishika shati. "Bibi anasema anataka misa."

"Ya nani?"

"Ya Rosa."

Nikasema mwambie bibi Rosa hakuwahi kuwapo, ni mtu wa kutungwa. Mtoto hakwenda popote. Bibi alikuwa nyuma ya mlango. "Mwambie baba yako," sauti ikasema, "zamani mtu akijiua walimzika pembeni, bila sala. Na hapa panaitwa Huruma ya Mungu. Sasa itakuwa ya nani?"

Nilimtazama mama watoto. Alikuwa anapepeta mchele kwa utulivu wa mtu ambaye hana kesi. Nikavaa viatu.

Ofisini katekista alifungua daftari la nia za misa. Akaniuliza jina la marehemu. Rosa. Wa wapi? Namagondo, Ukerewe. Alifariki lini? Nikafikiri haraka, nikasema mwaka 1971. Akanitazama kwa heshima, kwamba baada ya miaka yote hiyo bado kuna mtu anamkumbuka.

"Ni nani wako?"

"Upande wa mke," nikasema, na nikaona huo si uongo.

Nikatoa elfu tano. Kabla hajaandika, simu yangu ikalia. Ilikuwa ya mama mkwe, anayeongea ni mtoto.

"Baba, bibi anasema na Zakaria."

Nikashusha pumzi. Katekista akangoja. "Na Zakaria," nikamwambia.

"Huyo marehemu, au yuko hai?"

Sikujua. Sura nyingi za kitabu kile zilinipita nikiwa nje na mbuzi. Nikauliza kwenye simu. Upande wa pili kukawa na minong'ono, bibi na mama na binti, kila mmoja na lake. Mwishowe mtoto akarudi hewani.

"Bibi anasema uandike tu: mlevi."

Sauti ilisikika ofisi nzima. Katekista hakushtuka wala hakucheka. "Hao tunao wengi," akasema, akishika kalamu. "Lete jina kamili."

"Zakaria wa Namagondo," nikasema, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta elfu tano nyingine.